Mkono Uliobariki Mkate

Himmelau, nyumba ya watawa
Jumatano baada ya Pasaka, 10 Aprili 1482

Mdogo wangu Diebold,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima, kasoro meno. Shangazi Agnes naye yu hai, na ulimi wake u hai zaidi. Alikuja Jumapili na jibini moja na malalamiko kumi. Anasema tangu uhamie Strasburg hujamtumia hata salamu, tena kasikia unavaa viatu vyenye ncha ndefu kama mdomo wa korongo. Nimemwambia hizo ni porojo. Kama si porojo, vivue.

Picha zako ishirini zilifika kwa mkono wa Velten mwenye gari la mvinyo, hata moja haikulowa. Nimezipaka rangi mwenyewe Kwaresima nzima: joho la Bwana nyekundu, wale wafuasi wawili kijani, na mkate nimeuacha mweupe kwa kuwa rangi ya njano iliniishia. Jumatatu ya Pasaka, iliposomwa Injili ya Emau, kila mtawa alikuwa na yake mkononi. Watu walilia, Diebold. Hata Mama Mkuu Verena alilia, naye halii hata akikata vitunguu.

Sasa nikuchokoze. Mbona Bwana wako anabariki mkate kwa mkono wa kushoto? Mama angekuwa hai angemchapa kofi la vidole palepale mezani. Niliona tangu siku ya kwanza nikacheka peke yangu, nikasema, huyu mdogo wangu kasahau kwamba unachokichora kulia kwenye shaba, karatasi inakitoa kushoto. Nilinyamaza kwa sababu sura ni nzuri na Pasaka ilikuwa mlangoni.

Lakini lipo jambo halinichekeshi. Sista Lucke, yule mzee wa jikoni, alikuwa anakata roho Jumatatu hiyohiyo. Akaomba picha. Nikamshikia mbele ya macho. Akaitazama kwa muda mrefu, halafu akapiga kelele: "Si yeye! Huyu aliyekaa mezani si yeye!" Akageukia ukutani. Padre alipofika na Komunyo akakuta keshakufa. Watawa watatu walisikia, na tangu hapo nikiingia kanisani mazungumzo yanakatika.

Niambie tu: ulisahau kugeuza, au vipi? Nikijua, nitawaeleza, na maneno yataisha.

Dada yako,
Ennelin

*

Strasburg, 2 Mei 1482

Dada yangu mpendwa,

Milele na milele, amina. Nimefurahi kwamba watu walilia, maana fundi akiliza Mama Mkuu huyo ni fundi. Mwambie Shangazi Agnes viatu vyangu ni vya kawaida kabisa, tena kimoja kimetoboka.

Habari za huku ni moto. Wazee wa chama cha masonara wamekubali kuniangalia kwa daraja la fundi mkuu. Wameuona mchoro wa Emau kwenye karatasi, wakauzunguka kama paka na samaki. Mzee mmoja akaniuliza, "Kijana, hiki umekitoa wapi?" Nikamjibu, "Kichwani mwangu." Wakanilisha kiapo juu ya hilo. Ikipita, nitafungua karakana yangu, na kuna mjane wa fundi mmoja, Barbel, ana karakana tupu na macho ya kahawia. Usicheke. Ananipikia kabichi chachu na miguu ya nguruwe kila Alhamisi.

Sista Lucke apumzike kwa amani. Wazee wakifa husema mengi. Babu yetu alipokufa aliita mbuzi. Usiweke moyoni.

Ukipata mafuta ya bata bukini niletee kidogo, mikono inapasuka kwa asidi.

Wako,
Diebold

*

Himmelau, 9 Juni 1482

Diebold,

Salamu, na mafuta ya bukini haya hapa kwenye kopo. Shangazi Agnes miguu imemvimba. Kunguni wametuhamia kutoka nyumba ya wageni. Hizo ndizo habari njema.

Nilikuuliza swali moja ukanijibu kwa kabichi. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, nilikulea mimi. Nauliza tena kwa sababu mambo yamekua. Bia ya mwezi wa tano imechacha yote. Ng'ombe wawili wametupa mimba. Sista Gertrud kaota Bwana wa picha ameshuka mezani na kumpa mkate kwa mkono ule, na asubuhi kaamka hawezi kukunja kiwiko. Sasa huyo wa pichani wanamwita "yule wa kushoto," kama anavyoitwa Shetani. Mama Mkuu amekusanya picha zote ishirini, akazifungia kwenye sanduku la chumvi. Mtu mmoja kasema kwa sauti, ili nisikie: "Nani alikaa nazo chumbani mwezi mzima akizipaka rangi?"

Askofu ameandikiwa. Anamtuma mchunguzi, Doktor Hartung, mtu aliyewahi kwenda vijiji vya ng'ambo ya mto kutafuta wachawi, na huko hakurudi mikono mitupu. Unajua ninachosema.

Ninachokihitaji ni kitu kidogo. Nitumie bamba la shaba lenyewe, vilevile lilivyo, na barua yenye jina lako: "Mimi Diebold, nilichora mkono wa kulia kwenye shaba, nikasahau kwamba chapa inageuza." Basi. Yeyote mwenye macho ataliona bamba, ataiona karatasi, ataelewa.

Ennelin

*

Strasburg, 4 Julai 1482

Dada Ennelin,

Nimeipata barua yako na nimekaa nayo siku nyingi kuliko inavyostahili. Nisamehe. Na mbona umeandika nyuma ya orodha ya mashuka yaliyofuliwa? Karatasi imewaishia?

Sikiliza, nikwambie ukweli, lakini uuchome pamoja na barua hii. Sikusahau kugeuza. Ile Emau si yangu. Niliikuta kwenye kasha la tajiri wangu, picha ya fundi wa zamani ambaye hata jina lake halijulikani tena. Nikaiweka juu ya bamba, nikaifuata mstari kwa mstari, kisha nikapiga chapa. Ndiyo maana imetoka kinyume. Katika kazi yetu kila mtu anajua: picha iliyopinduka ni picha iliyoibwa. Wazee wa chama niliwaonyesha mchoro wa kalamu tu, si chapa; mzee yeyote akiona Bwana anabariki kwa kushoto, na chini ya meza pana herufi D na nyundo ndogo, alama yangu, hatauliza swali la pili. Nami nimeapa mbele ya msalaba kwamba ilitoka kichwani mwangu.

Nikituma bamba na jina, nimejifunga kitanzi. Nitafukuzwa mjini. Barbel atafunga mlango.

Je, huwezi kusema rangi zako ndizo zilizowadanganya macho? Au kwamba picha zilitoka kwa mchuuzi? Wewe ndiye mwenye akili kati yetu, tangu zamani.

Diebold

*

Himmelau, Mtakatifu Maria Magdalena, 22 Julai 1482

Diebold,

Tumsifu. Nitaandika kwa ufupi, mwanga ni mdogo.

Doktor Hartung amefika. Ni mpole, mwembamba, ana mafua. Alinitaka nijitie ishara ya msalaba mara kumi, akahesabu ni mkono upi. Kisha akaniuliza: "Mtakatifu Luka anasema walimtambua katika kuumega mkate. Hapa, Sista, alitambuliwa nani?" Nikasema, Bwana Yesu. Akaandika kwa muda mrefu kuliko nilivyosema.

Nikamweleza habari ya chapa. Nikaomba niletewe muhuri wa siagi wa jikoni, ule wenye kondoo, nikaubonyeza mbele yake: kondoo kwenye mti anatazama huku, kwenye siagi anatazama kule. Akatabasamu. Akasema, "Siagi haibariki." Lakini ni mtu wa vitabu, ana haki yake, kwa hiyo akaongeza hivi, na mwandishi wake akaandika: "Lete bamba. Nikiona kwenye shaba mkono wa kulia, na karatasi ikatoa wa kushoto, nitakubali ni ufundi, na nitakuachia. Nikiona vingine, hatutazungumza tena habari ya siagi."

Jina lako sijalitaja. Nimesema ni fundi wa mjini, basi. Nielewe vizuri: sikuombi tena barua. Sikuombi jina. Naomba bamba tu. Lifunge kwenye gunia la unga, mpe Velten, atampa Sista wa jikoni, yule aliyeshika nafasi ya Lucke. Usiliguse, usilisafishe hata wino.

Shangazi Agnes alikuja langoni, hawakumruhusu kuniona. Kaacha mayai. Sijui nani kayala.

Ennelin

*

Strasburg, 20 Agosti 1482

Dada yangu, kipenzi changu,

Furahi! Velten anakuja na gunia, na ndani yake kuna mambo mazuri kuliko uliyoomba.

Nilichelewa kwa sababu nilikuwa nakufanyia kazi. Niliwaza: kwa nini nikupelekee aibu yangu, wakati ninaweza kuiondoa? Nimelirekebisha bamba! Nimekwangua mikono yote miwili hadi shaba ikawa tupu. Pale palipobonyea nikapagonga kwa nyuma, taratibu, mpaka pakainuka sawa na kwingine. Nikasugua kwa mkaa, nikasugua kwa mafuta, nikachora upya: sasa karatasi ikitoka, mkono unaoinuka ni wa kulia, na wa kushoto umelala juu ya mkate. Siku kumi na mbili sijafanya kazi nyingine. Nikaondoa na ile D yenye nyundo, ili usipate taabu ya kuulizwa jina. Ligeuze unavyotaka, lipeleke juani, hakuna atakayeona kovu. Hata mafundi wa Nurnberg hawataona.

Basi mwambie Doktor wako apige chapa mbele ya wote. Atamwona Bwana yuko kama anavyotakiwa kuwa. Nani tena atasema kitu?

Nami nina habari: chama kimenipitisha! Mimi ni fundi mkuu. Harusi ni Jumapili baada ya Mtakatifu Gallus. Barbel anakusalimu, anasema utuombee watoto.

Mdogo wako mwenye furaha,
Diebold

*

Himmelau, 14 Septemba 1482

Diebold, umefanya nini? Ole wangu, Diebold, umefanya nini?

Sina salamu. Nilikuambia usiliguse. Nilikuandikia kwa herufi kubwa kama za mtoto: usiliguse!

Walilifungua gunia kwenye ukumbi wa chakula, watawa wote wamesimama ukutani. Mimi sikuwa nimeisoma barua yako. Sista wa jikoni alishindwa kunifikishia hadi baadaye. Nikasimama pale na kifua mbele, nikasema kwa sauti: "Doktor, tazama, kwenye shaba utaona mkono wa kulia." Akainama. Akatazama kwa muda. Akasema, "Sista, ni wa kushoto."

Nikadhani ananijaribu. Nikasogea. Ni wa kushoto. Wakatia wino, wakaweka karatasi yenye unyevu, wakabana kwa jiwe la jibini. Karatasi ikatoka na mkono wa kulia. Wakaleta zile ishirini kutoka kwenye sanduku la chumvi, wakazipanga mezani: kushoto, kushoto, kushoto. Kisha mwandishi akaona kwamba zile za zamani zina D na nyundo, na bamba halina kitu. Doktor Hartung akakunja mikono ndani ya mikono ya kanzu. Akasema kwa upole uleule: "Basi picha ilitoka kwa fundi ikiwa takatifu. Ikageukia wapi?" Wote walikuwa wananitazama mimi. Sista Gertrud akaanza kulia kwa sauti ya juu, akashika kiwiko.

Ningeweza kusema, "Mdogo wangu ameikwangua." Nilikuwa sijui, nikasimama kama gogo. Sasa najua. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee, ila hapa umeficha wewe na kifo kinaniumbua mimi.

Uliniuliza kuhusu karatasi. Sikukujibu kwa kuwa sikutaka kukutia hofu. Tangu sikukuu ya Pentekoste silali chumbani kwangu. Nalala chini ya kiwanda cha bia, penye mapipa. Naandika kwenye chochote anachonitupia Sista wa jikoni. Wamenivua shela. Wiki ijayo wataniuliza kwa njia nyingine, vyombo vimeshaletwa, nimesikia mnyororo ukishushwa kutoka kwenye gari.

Sasa halitoshi bamba. Njoo wewe. Njoo na kisu chako cha kuchorea, uwaonyeshe palipokonda shaba, uwaonyeshe nyuma ulipogonga, uchore mstari mmoja mbele ya macho yao. Ni wewe tu duniani unayejua lilipo hilo kovu. Hukumu ni siku ya Mtakatifu Gallus, 16 Oktoba. Kutoka Strasburg ni mwendo wa siku tatu. Una mwezi mzima.

Naogopa, Diebold. Sijawahi kukuambia neno hili tangu Mama afe.

Ennelin

*

Strasburg, 9 Oktoba 1482

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Barbel. Tunamshukuru Mungu tu wazima. Mvua huku haikatiki, mto umepanda hadi ngazi za soko la samaki.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nililia, niamini. Barbel akaniuliza naliliani, nikamwambia moshi. Nilishafunga mzigo siku ya Jumanne, Mungu ni shahidi, nikafika mpaka lango la mji. Walinzi wakaniuliza naenda wapi. Ndipo nikajiuliza mwenyewe: nikifika nitasema nini? Nitasema niliiba, nikaapa uongo juu ya msalaba, kisha nikaharibu ushahidi uliotakiwa na mchunguzi wa askofu. Dada, hao hawatakuachia kwa sababu hiyo. Watatuchukua wote wawili. Ndugu wawili, ndivyo watakavyosema, walipanga.

Nadhani wanakutisha tu. Wewe ni mtawa wa miaka kumi na minane, Mama Mkuu hatakubali. Watakupa kitubio, mkate na maji mpaka Majilio, na mambo yatapoa.

Nitakuja. Nakuahidi nitakuja. Lakini harusi ni tarehe 20, wageni wameshaalikwa, bukini wameshafungiwa banda wanenepe. Baada ya hapo njia nayo itakuwa imekauka. Nivumilie hadi wakati huo.

Velten anakuletea soksi za sufu, kazifuma Barbel mwenyewe. Ni rangi ya kijivu, hazioneshi uchafu.

Mdogo wako akupendaye,
Diebold

*

Himmelau, siku ya pili baada ya Mtakatifu Gallus, 18 Oktoba 1482

Kwa Fundi Mkuu Diebold, Strasburg,

Anayeandika ni Sista wa jikoni, mimi nasema naye anaandika, kwa sababu vidole vyangu havishiki tena. Hajui vizuri herufi, umvumilie. Soksi nimezipata, zina joto. Mshukuru mkeo mtarajiwa.

Hukumu imesomwa. Sitachomwa. Mama Mkuu alipiga magoti, na hilo lilisaidia. Nitajengewa chumba kwenye ukuta wa kaskazini wa kanisa, hakina mlango, kina tundu la mkate na tundu la kuisikia misa. Ni hadi nife. Sitapokea mtu wala barua, hii ndiyo ya mwisho. Waashi wanakoroga chokaa tangu asubuhi, nasikia majembe yao.

Kuna jambo moja nataka ulijue kutoka kwangu, usije ukalisikia sokoni. Juzi, kabla ya kusoma hukumu, Doktor Hartung alinijia peke yake na zile picha. Akaweka kidole kwenye D na nyundo. Akasema alama kama hii mjini inaweza kupatikana, wapo masonara wa kuulizwa, farasi wake ametiwa tandiko tayari. Akasema, "Nitajie jina la huyu fundi, na huenda ukuta ukawa na mlango."

Nilikuwa na hasira na wewe, Diebold. Nina hasira hadi sasa, sitaki kudanganya mbele ya chokaa. Nilikuwa na jina lako mdomoni, lote, na jina la mtaa wako, na jina la Barbel. Niliwaza bukini wenu bandani. Niliwaza soksi.

Nikamwambia ni Diebold, mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, nami nilimfundisha kutembea. Akachovya kalamu. Nikamwambia, lakini usimfuate, Doktor, alikufa. Akauliza lini. Nikasema, wiki hii hii, kwenye lango la mji, alipokuwa anakuja kwangu. Doktor aliniangalia sana, kisha akaandika, akaagiza farasi avuliwe tandiko.

Kwa hiyo usiniandikie, na usije. Ukija watajua nilidanganya. Mama Mkuu amenihurumia kwa msiba, hata akanishika mkono. Ameagiza Jumapili, tarehe 20, isomwe misa ya wafu kwa ajili ya roho yako. Nitakuwa nimeshaingia ukutani. Nitaisikia yote kupitia tundu, na watakapolitaja jina lako nitaitikia pamoja nao.

Ennelin